Mwosha Maiti wa Mfalme Shaharani

Wamepokezana wasimulizi, kinywa kwa kinywa, nami nimekipokea kisa hiki kwa mtu asiyesema uongo ila siku za soko, kwamba katika umma zilizotutangulia palikuwa na nchi iitwayo Sarwana, na mfalme wake akiitwa Shaharani. Wenye elimu wakinibishia jina la nchi, waacheni wabishe. Mimi chuoni niliishia juzuu ya tatu, lakini kisa hiki nimekisimulia kwenye matanga kumi na moja na hakuna aliyesinzia.

Watu wa Sarwana walikuwa wameonja balaa la wana wanaoua baba zao ili wapate kuketi kitini. Basi wahenga wao wakaweka desturi: mfalme akifa, mwosha maiti hutoka kwenye lango la kasri, mikono yake ingali imelowa maji ya josho, akawaambia watu alichokiona. Kwani, walisema, aliyetoka kumgusa maiti sasa hivi huona haya kusema uongo. Akishajipangusa na kula, husahau. Mikono ikikauka naye hajanena, kimya chake huhesabiwa kuwa hapana ubaya, na mrithi huketi. Na sheria yao ilikuwa kama hii yetu: muuaji hamrithi aliyemwua.

Mwosha wa zama hizo alikuwa Nufaili, mja mcha Mungu, mtu wa maneno haba. Miaka thelathini aliosha maiti, na hakupata kusikika hata siku moja akisema fulani alikuwa na kovu hapa au jipu pale. Alikuwa na mkewe Raudha na binti mmoja, Ruhaima, waliyeruzukiwa uzeeni baada ya kuzika watoto watano.

Asubuhi moja ikatangazwa kwamba mfalme amekufa kwa homa. Mwanawe mkubwa, Qaidhari, aliyekuwa amekingoja kiti mpaka ndevu zikaingia mvi, akaagiza Nufaili aletwe. Nufaili akapiga bismillahi, akaanza upande wa kulia kama ilivyo ada, maji yakateremka taratibu, mpaka akafika shingoni. Hapo akasimama. Palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, umeizunguka shingo sikio hadi sikio.

"Mbona umesita, mzee?" Qaidhari alikuwa ameegemea mlango.

"Naangalia, bwana wangu."

"Mwosha haangalii, mwosha humwaga maji. Na si nyinyi mnaojigamba kwamba hamfichui mliyoyaona?"

"Tunasitiri aibu ya maiti," akasema Nufaili. "Hii si aibu yake."

Qaidhari akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Basi chungulia dirishani."

Nufaili akachungulia. Uani alimwona Ruhaima, amesimamishwa kati ya askari wawili, na mmoja wao upanga u mkononi.

"Sitaki useme uongo, najua dini yako," akasema Qaidhari. "Nyamaza tu. Jua la leo ni kali, mikono itakauka upesi. Ukinyamaza, unakwenda na binti yako nyumbani. Ukinena, utakuwa na maiti wa pili wa kuosha."

Tazameni mtego huo, ndugu zangu. Hakumwambia ale haramu, wala asujudie sanamu. Alimwambia anyamaze, na kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana.

Nufaili akamaliza josho, akamkafini mfalme, akachovya mikono yake majini mara ya mwisho, akatoka. Mji wote ulikuwa langoni. Qaidhari alisimama ngazi ya juu, na Ruhaima akawekwa karibu na nguzo, askari nyuma yake. Nufaili akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Sema, mzee!" mmoja akapiga kelele. "Jua halimngoji mtu!"

"Mwacheni, maskini, anamlilia mfalme," akasema mwingine.

Maji yakawa yanakauka mikononi, kwanza mgongoni mwa mikono, kisha kwenye vifundo. Nufaili akamtazama binti yake, akainamisha kichwa. Hapo Ruhaima akasema:

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ajali ya mtu, siku yake ya kufa, haisogei mbele wala nyuma. Ulikuwa ukiamini, au ulikuwa ukinibembeleza nilale?"

Nufaili akainua mikono yote miwili juu. "Enyi watu wa Sarwana! Nimemwosha Mfalme Shaharani. Hakufa kwa homa. Amenyongwa kwa kamba, na alama i shingoni mwake. Nendeni mkaitazame!"

"Mikono imeshakauka!" Qaidhari akapaza sauti. "Ushahidi hauna kitu!"

"Imekauka wapi, bwana?" akajibu mama mmoja muuza samli aliyekuwa mbele kabisa. "Alipoiinua, tone limenirukia jichoni!"

Qaidhari akashusha mkono wake, na upanga ukashuka. Ruhaima hakupata hata kulia. Kisha watu wakapanda ngazi kama maji ya mafuriko, na walinzi wa lango wakawa wa kwanza kumfunga Qaidhari kwa kilemba chake mwenyewe.

Siku hiyohiyo Raudha alimwosha mwanawe. Nufaili aliteka maji, akayapitisha chini ya pazia, akasema, "Inna lillahi," wala hakuongeza neno.

Baada ya arubaini, mfalme mpya, Luai, mdogo wake Qaidhari, alikwenda nyumbani kwa Nufaili kwa miguu, watumishi wakibeba hariri na ambari.

"Baba," akasema, "umenipa kiti kwa damu ya mwanao. Nikulipe nini?"

"Sikukupa kitu, mwanangu," akasema Nufaili. "Sikukukumbuka hata kidogo siku ile. Lau alama ile ingekuwa ya mkono wako, ningesema vilevile, na leo angekuja Qaidhari kunishukuru, naye ningemrudisha na hariri yake."

Luai akainama, akaibusu mikono ya mzee, akaondoka na vitu vyake.

Basi, wapendwa, subira si kunyamaza. Pengine subira ni kunena kisha ukabeba uliyoyanena. Nami, pamoja na majigambo yangu yote, nawaambieni kweli tupu: siku ile langoni, mimi ningengoja jua likaushe. Mola atupe ulimi wa Nufaili, wala asitupime kwa mizani yake.