Kiti Kilichotangulia Waamuzi

"Kiti kitupu hakikati shauri," alisema Bi Somoe, akakata uzi kwa meno.

Hatibu na Zamda wakatazamana. Walikuwa wamekuja kiwandani kwake kumwalika kwenye uzinduzi wa baraza jipya la washona kofia, baraza la kuamua nani kabuni ua lipi na nani kamwibia mwenzake. Turubai limekodiwa, tarumbeta imekodiwa, mgeni rasmi kakubali. Bi Somoe aliuliza swali moja tu: waamuzi ni akina nani? Zamda akajibu kwamba hilo litafuata.

"Bibi, mbona methali hiyo hatukuisoma shuleni?" Hatibu aliuliza.

"Shuleni mmesoma zilizovaa viatu. Hii inatembea peku. Kaeni niwaambie ilikotoka."

Zamani palikuwa na miji ya wakamua ufuta, na kila mji ulikuwa na baraza lake la mafundi. Fundi akibuni chombo kipya, alichonga kielelezo, yaani mfano mdogo wa chombo chenyewe, akakipeleka barazani. Akitokea mtu wa kumpinga, waamuzi waliwasikiliza wote wawili, kisha mbunifu akaweka mkono juu ya kielelezo na kutamka, "Hiki kimetoka kichwani mwangu." Waamuzi wakiridhika, kazi ile ilikuwa yake na ya wanawe baada yake. Ila sharti lilikuwa mkono wa mwenyewe, mkono ulio hai. Mtu akifa shauri lake halijakatwa, kazi yake ilikuwa ya kila mtu, kama maji ya mvua.

Katika mji wa Shungi aliishi fundi wa vinu aliyeitwa Mkamandi, na binti yake Tima. Vinu vya wakati huo vilizungushwa na ngamia, na ngamia ni mali ya wakubwa. Mkamandi alihangaika miaka mingi hadi akabuni mchi wenye kiungo katikati, mchi unaolala kidogo ukizunguka, hata punda akauweza. Wajane waliokuwa wakipeleka ufuta wao kukamuliwa kwa wenye ngamia wakaanza kukamua uani kwao. Kielelezo alikichonga pamoja na Tima. Tima ndiye aliyechonga punda, mdogo kama kidole, sikio moja limelala.

Siku moja akaja mgeni kutoka Mtangawe, jina lake Mselemu. Alikaribishwa kahawa, akakizunguka kinu, akasifu, akaaga. Haukupita muda mrefu, vinu vya mchi wa kiungo vikauzwa Mtangawe, na Mselemu akijigamba kwamba aliota usingizini.

"Kaota macho wazi," alisema Mkamandi, akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Vumbi la mbao lilikuwa limekwisha kumla kifua. Tima hakucheka. Alijua kwamba baba yake hana shamba wala nyumba ya kumwachia. Alikuwa na mchi ule tu.

Baraza la Shungi likampangia Mkamandi siku, mara tu ufuta utakapovunwa.

Miezi hiyohiyo miji ilikuwa imekubaliana jambo jema, na wema wake hauna ubishi. Hukumu ya Shungi ilikuwa haifuatwi Mtangawe. Mwizi alivuka kijito tu akawa mwenye mali. Basi liwepo baraza moja la miji yote. Kazi ya kulisimamisha akapewa Mwinyi Shali, mtu mwenye ulimi mtamu na mkono mwepesi wa kualika. Alijenga nyumba njiapanda. Akaagiza kiti cha mpingo kilichonakshiwa kwa mifupa. Wazee walipomuuliza waamuzi wataapa kiapo cha nani, kwa kuwa kila mji ulikuwa na kiapo chake na mwamuzi asiyeapa neno lake ni porojo, alijibu, "Watapatana. Wageni wameshaalikwa."

Na ili watu wasikimbilie kwao, mabaraza ya zamani yakafungwa siku ileile ya uzinduzi. Mikeka ikakunjwa, waamuzi wakarudi kwenye vinu vyao. Siku ya Mkamandi ilikuwa haijafika.

Tima alikwenda kwenye sherehe. Alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, maana aliona sasa Mselemu atabanwa hata huko kwao Mtangawe. Vigelegele vile alivijutia maisha yake yote.

Baada ya ngoma, kimya. Tima akienda njiapanda anaambiwa miji bado inazungumza habari ya kiapo. Akienda kwa wazee wa Shungi wanainamisha macho. "Mwanangu, sisi tumevuliwa. Tukikata leo, nani atatii?" Ufuta ukavunwa, ukakauka, ukapurwa. Mkamandi akawa hawezi kushika patasi, kisha hawezi kushika kikombe.

Asubuhi moja akasema, "Nipelekeni."

Majirani wakambeba kwa machela, Tima mbele na kielelezo kifuani. Mwinyi Shali aliwapokea mlangoni, uso umemshuka.

"Karibu, fundi. Lakini waamuzi hawajaapa."

"Niingizeni hivyohivyo."

Wakamweka mbele ya kile kiti. Mkamandi akakitazama kwa muda, jicho la fundi halizeeki.

"Kiti kizuri. Mguu wa nyuma unayumba."

"Baba, usijichoshe," alisema Tima.

"Nani kakichonga? Mwambieni atie kabari." Akapumua kwa shida. "Mama, lete mkono wangu."

Tima akauinua mkono wa baba yake, mwepesi kama ganda la ufuta, akauweka juu ya kielelezo. Mkamandi akatamka, "Hiki kimetoka kichwani mwangu." Sauti ikaenda ukutani, ikarudi. Akangoja, kama mtu aliyebisha hodi.

"Mwinyi," alisema Tima, "umesikia wewe. Majirani wamesikia. Sema basi."

Mwinyi Shali alikuwa akilia. "Mimi nimejenga nyumba tu, bibi. Kusema si kwangu."

"Na waliokuwa na kusema uliwanyamazisha."

Mkono wa Mkamandi ulikuwa bado juu ya yule punda mdogo, na Tima alipoushika akakuta umepoa.

Mselemu hakuhitaji tena kuota. Mchi ule ulikuwa wa kila mtu, na mafundi wa miji yote wakauchonga, wengine hata Shungi, mtaa wa pili. Tima akawa anapura ufuta wa watu kwa kibarua.

Mvua za masika zilipokwisha, miji ilipatana. Waamuzi wakaapa, na walikuwa waamuzi wema kwelikweli. Shauri lililotangulia kuletwa ndilo lililotangulia kuitwa. Mpiga mbiu akasimama mlangoni, akaita, "Mkamandi wa Shungi!" Akaita tena. Akaita tena.

Tima akainuka na kielelezo chake, akakiweka sakafuni mbele ya waamuzi.

"Alikuja," alisema. "Aliweka mkono wake hapa, akasema, akangoja. Aliyekuwepo ni hiki kiti. Na kiti kitupu hakikati shauri."

Akageuka, akatoka. Kielelezo alikiacha palepale. Husemwa kwamba Mwinyi Shali alikiokota, na kila palipotajwa uzinduzi wa jambo lolote alikiweka mezani, asiseme kitu.

Bi Somoe alitia uzi mwingine kwenye sindano. Nje mtu wa turubai alikuwa akishusha nguzo, zikigongana.

Zamda alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bi Somoe, na lile baraza letu la zamani? Tumeshatangaza litakufa Ijumaa, siku ya uzinduzi."

"Ndiyo maana nikauliza."

Hatibu alisimama, akaenda mlangoni, akamwambia yule mtu apakie nguzo zake tena. Aliporudi akajaribu kuyasema yale maneno kwa sauti yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayepima uzito wa mzigo alioambiwa aubebe:

"Kiti kitupu hakikati shauri."