Katoni za Mzee Nyagawa

Mtu mmoja, Mzee Nyagawa, alikuwa na nyumba kule Njombe, kubwa hivi kwamba ukikohoa sebuleni mwangwi unarudi kesho yake. Mkewe alishafariki. Watoto walikuwa mjini. Aliyebaki naye ni baridi tu, ile inayogandisha hata salamu mdomoni.

Basi figo zikaanza kumgomea. Miguu ikavimba mpaka ndala zikamkataa. Nesi wa kliniki akamwambia apunguze protini, na maziwa yaliyoongezwa protini asiyaguse kabisa, maana figo zake zimechoka kuchuja. Mzee akaelewa. Tatizo, watoto hakuwaambia. Mwanaume aliyebeba magunia mawili ya viazi, moja kila bega, huku anapiga mluzi, ataanzaje kusema kwenye simu kwamba ameshindwa na vitu viwili vyenye umbo la maharage?

Mwanawe Obedi akasikia juu juu tu kwamba baba amekonda. Akatuma katoni kwa basi: maziwa ya stroberi, yenye protini ya kujenga mwili, matamu mpaka nyuki wangeacha kazi. Na ukoo wao ulikuwa na mwiko: zawadi ya mtoto baba haimwagi wala haigawi. Anaimaliza mwenyewe, la sivyo amemlaani mtoto. Mzee akanywa. Maboksi matupu akayapanga dirishani, wapita njia waone kwamba naye ana watoto. Obedi kusikia yameisha, akatuma mengine. Na kila alipotuma, alijiona kama ameshafika nyumbani.

Jirani, Mama Tulizo, ndiye aliyemsindikiza kliniki. Alipoyaona maboksi akashika kiuno.

"We mzee! Na figo hizo? Mbona una haraka ya kutulisha wali wa msiba?"

Mzee akacheka. Mama akaondoka, yeye akaendelea kucheka peke yake, mpaka kicheko kikamwishia na nyumba ikanyamaza.

Jumapili akameza kiburi chake, kikubwa kuliko gunia la viazi, akapiga simu.

"Mwanangu, figo zangu zinakufa, na maziwa yako yanazimalizia. Usitume kitu. Njoo wewe, mikono mitupu."

Huko kwa Obedi kulikuwa na kelele na watu wanamwita. "Sawa baba, sawa, nimekuelewa. Jumamosi."

Mzee akafagia vyumba vyote. Akatandika kitanda cha mwanawe, akaupiga mto mpaka ukaomba radhi. Jumamosi alikuwa stendi kabla hata jogoo hawajaamua kuwika, shingo ndefu kuzidi twiga wote wa Ruaha. Basi likaingia. Watu wakashuka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Mwisho akashuka kondakta, na katoni.

Safari hii ilikuwa ladha ya vanila.

Akaibeba hadi nyumbani, akipumzika kila penye jiwe. Akakaa kwenye kitanda kilichotandikwa, akatoboa boksi la kwanza, akanywa. Kwani nani mwingine alikuwa amekuja?