Feni ya Gari la Kirita

Hapo zamani, si ile ya babu zetu bali hii ya juzijuzi ambayo magari yalikwisha kufika milimani, alikuwako mwanamke wa Upare aliyeitwa Naetwe. Mumewe, Kirita, alikuwa na gari kuukuu la kupandia milima, na kijiji kizima kililitegemea. Maziwa ya asubuhi yalibebwa na gari hilo. Mgonjwa akizidiwa, ni hilo. Mama akishikwa na uchungu, ni hilohilo, maana hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na njia yake ni kupanda, kupanda, na kupanda tena.

Basi injini ya gari lile ikafa. Kirita akapata injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori lililopinduka, akaifunga. Iliwaka ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika uani. Ila ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Feni yake ya kupoza rejeta ilikaa puani mwa injini, na sasa pua hiyo ilikaribia kuikwangua rejeta yenyewe. Kirita akaivua feni, akasema, "Upepo wa njiani utatosha."

Haukutosha. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini mlimani, kwenye gia ya kwanza na mwendo wa kinyonga, upepo utatoka wapi? Maji yakachemka, mvuke ukafoka, na Kirita akarudi nyumbani kwa miguu, maziwa ya watu yamechacha barabarani.

Naetwe alimtazama akivua viatu. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tumbo lilikwisha kushuka. Moyoni alijiuliza: siku yangu ikifika, nitapanda na nini? Mwaka uliotangulia, siku ambayo gari lilikuwa safarini, jirani yake alibebwa kwa machela kwenye njia ileile, akarudishwa kwa machela hiyohiyo, amefunikwa uso.

Wa kwanza kuja alikuwa Senkoro, mkulima wa tangawizi. Huyu alikuwa na gari dogo lisiloweza ule mlima, matunda ya mavuno ya miaka mingi, na alilifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Siku hiyo alifika amekumbatia feni ya umeme.

"Kirita mdogo wangu, shika."

"Umeitoa wapi, kaka?"

"Kwenye gari langu."

"Na wewe utatembelea nini?"

"Miguu. Mimi sina mjamzito nyumbani."

Hakuna aliyemwomba. Akaiweka feni chini, akaenda zake shambani, na gari lake likabaki limesimama chini ya turubai.

Wa pili alikuwa Elionea, mwanamke aliyechomelea milango na madirisha ya kijiji kile. Nyuma ya rejeta hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kiganja, kwa hiyo feni ilibidi ikae mbele. Kirita alitaka kuifunga kwa vikamba vya plastiki vilivyopenya kwenye mapezi ya rejeta, yale mabati yake membamba. Elionea akamwondoa mkono.

"Ikitikisika mlimani itayasaga haya mapezi mpaka rejeta itoboke. Utakuwa na feni, maji huna. Hii inataka fremu."

"Chuma kiko wapi, dada?"

Elionea akaenda nyumbani kwake, akakata vyuma vya geti lake mwenyewe, akarudi navyo begani. Akatengeneza fremu, gari lilipowashwa ikatetema. Akaikata. Akatengeneza nyingine, boneti ikakataa kufunga. Akaikata nayo. Ya tatu ikakaa, imeshikwa na mwili wa gari, haigusi rejeta wala haitikisiki. Naetwe alipitisha kidole pale katikati, akastaajabu jinsi nafasi ilivyokuwa sawa kote. Tangu siku hiyo mbuzi wa jirani waliingia bustanini kwa Elionea walivyotaka.

Wa tatu alikuwa Mbonea, fundi wa umeme. Alivuta nyaya, akafunga swichi ya kuiwasha feni yenyewe maji yakipata moto. Ikawaka, ikazunguka, watu wakapiga makofi. Lakini Naetwe, aliyesimama mbele ya gari, alihisi upepo wa moto tumboni.

"Shemeji, mbona inanipulizia mimi?"

Mbonea akasimama mbele yake, akanyoosha mkono, akacheka. "Umeokoa injini, shemeji. Tumeigeuza ili mota isigonge rejeta, sasa inautupa upepo nje badala ya kuusukuma ndani."

Akayapindua mapanga kwenye mhimili wake, akabadilisha nyaya, huu mahali pa ule. Safari hii kanga ya Naetwe ilivutwa kuelekea kwenye gari, naye akaishika haraka huku wote wakicheka.

Siku ikafika, saa sita mchana, jua kali. Naetwe akalazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, Bibi Nakiete. Mbonea naye akapanda. "Nataka kuisikiliza ikifanya kazi," alisema.

Wakapanda. Feni ilivuma, na Naetwe aliushikilia mvumo ule kila uchungu ulipomjia. Walipofika kwenye kona kali kupita zote, akafumbua macho.

"Imenyamaza," alisema.

Mshale wa joto ulikuwa unapanda. Mbonea akaruka chini. Swichi aliyoifunga kwa mikono yake ilikuwa imeyeyuka, na nyingine hakuwa nayo. Akaunga waya moja kwa moja, gari likatikisika, waya ukachomoka. Akaunga tena, ukachomoka tena. Ndipo wakaing'oa boneti, wakaiacha kando ya njia. Mbonea akalala juu ya madigadi, mguu mmoja ndani ya dirisha, akazishika nyaya mbili pamoja kwa kipande cha kanga.

"Endesha!"

"Utaanguka!"

"Endesha, Kirita!"

Gari likapanda hivyo mpaka kileleni, likateremka mpaka mlangoni mwa hospitali. Nyaya zilikuwa zimeunguza kanga na kiganja pamoja. Mtoto alizaliwa wa kike, kitovu kimemzunguka shingo, na nesi alipokikata akahema, akasema neno moja tu: "Mmewahi."

Katika nyumba ile mjukuu wa kwanza hupewa jina na bibi yake. Siku ya kumtoa mtoto nje, Bibi Nakiete akasimama mbele ya watu.

"Haki yangu ninaiacha. Mtoto huyu ataitwa kwa jina la aliyemfikisha. Na awe mmoja, msinitajie majina kama tasbihi. Aliyemfikisha akiwa mwanamume, watakaocheka watazoea. Semeni."

Senkoro akasema, "Mimi nilitoa kabla sijaombwa. Bila feni yangu, fremu ingeshika nini, na nyaya zingewasha nini?"

Elionea akasema, "Feni mkononi hufukuza nzi, kaka yangu. Swichi iliungua, nyaya zilichomoka, lakini chuma changu hakikulegea njia nzima."

Mbonea akakiangalia kiganja chake kilichofungwa bandeji. "Feni yako, kaka, na fremu yako, dada, vilikufa vyote pale kwenye kona. Aliyevifufua ni nani?"

"Kilichokufa ni swichi yako!" Elionea akamjibu.

"Ni yangu," Mbonea akasema. "Ndiyo maana niliilipia kwa mkono wangu."

Kirita akamtazama mkewe, Bibi Nakiete akamtazama, na wale watatu wakamtazama. Naetwe akamweka mtoto vizuri kifuani. Aliwapenda wote watatu kiasi kwamba machozi yalimlengalenga, na jina linalotakiwa ni moja.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, mngekuwa Naetwe, mtoto huyu mngemwita nani?