Embe Lililokataliwa na Lori

Wapendwa, kabla hatujayabariki mavuno haya yaliyo mezani, nipeni masikio kidogo. Sina maneno makubwa; shule yangu mnajua ilipoishia. Nitawapa mfano tu.

Kulikuwa na mume na mke, wakulima wa maembe. Miti yao ilizaa mpaka matawi yakawekewa nguzo yasivunjike. Lakini kila msimu mambo yalikuwa yale yale. Lori linakuja, tajiri anashuka, anachagua mazuri, anaondoka. Yaliyobaki yanaoza chini ya miti, nzi wanafanya harusi. Kiangazi kikifika, watoto wa nyumba ile wanakula ugali kwa chumvi. Je, hamuijui nyumba hiyo? Mimi nadhani tumeshalala humo wengi wetu.

Basi akaja bibi shamba wa kata yao, akawafundisha namna ya kukausha matunda. Osha, menya, kata vipande vyembamba, panga juu ya wavu visigusane, funika kwa nailoni, jioni ingiza ndani umande usivikute. Ukikunja kipande kisitoe maji wala kisivunjike, kimeiva. Kijiji kizima wakatengeneza makaushio, wakashukuru sana. Kisha wakafanya nini? Mazuri wakaendelea kumpa tajiri wa lori. Yale aliyoyakataa, yenye madoa, yaliyokwisha kulainika, ndiyo wakayapeleka kwenye kaushio.

Mke akamwambia mumewe, "Baba, niachie mti huu mmoja wa mlangoni. Usiuze hata embe moja."

"Huo ndio mti wetu mtamu kuliko yote."

"Ndiyo maana nauomba."

Mume akacheka. "Mama, lililo zuri linauzwa, lililoanza kuharibika linakaushwa. Kaushio ni la kuokoa."

"Jua ni jua, mume wangu. Si daktari."

Akampa mti ule shingo upande. Majirani wakampa mke jina, wakamwita Mama Anika Sukari. Yeye akakausha maembe yake mazima, akayajaza kwenye chupa za vifuniko vya kukaza. Mume naye akakausha yale yaliyokataliwa na lori. Sehemu iliyooza akaikata kwa kisu, iliyobaki akaianika, akajaza debe lake na kulifunika. Kila mtu akawa na hifadhi yake kabatini.

Mwezi wa nane wakaja washenga kumposa binti yao. Sasa, kule kwao kulikuwa na desturi: mgeni wa posa haanzi na kitu cha dukani. Anaonja kwanza jasho la nyumba, na baba mwenye nyumba ndiye anayefungua kwa mkono wake. Na mwezi wa nane shamba lina nini? Mwembe una maua tu. Binti amekaa nyuma ya pazia, ametega sikio, maana alikuwa anampenda kweli kijana yule.

Baba akasimama kwa madaha. Akazipita chupa za mkewe, akashusha debe lake. Akafungua.

Ndugu zangu, harufu ikatoka kabla ya mkono kuingia. Ukungu mweupe umeota kama pamba, vipande vimeshikana vikawa bonge moja jeusi.

Shangazi wa kijana, aliyekuja na washenga, akachungulia, akarudi nyuma na kanga puani. "Mkwe, humu mlihifadhi embe au mlihifadhi kidonda?"

Nyuma ya pazia binti akajifunika uso kwa kanga.

Mke akaja na chupa yake na sahani. Angeweza kusema, "Sikukwambia?" Sisi wengine tungesema. Yeye akasema taratibu, "Wageni wetu, tusameheni. Debe hilo tulikuwa tunajaribia. Hifadhi ya nyumba ni hii." Akamimina vipande vya rangi ya dhahabu. Shangazi akatafuna kimoja, akachukua cha pili, cha tatu akakifunga kwenye pindo la kanga, apeleke nyumbani wakaone.

Hapo mume angeweza kunyamaza, heshima yake imeshaokolewa. Akasema, "Hapana. Debe ni langu. Nilihifadhi yale ambayo hakuna aliyeyataka. Hizi dhahabu ni za mke wangu, na nilimcheka." Shangazi akamtazama mke, akamtazama mume. Akasema, "Mama anajua kuhifadhi, baba anajua kusema kweli. Mwiteni binti."

Msimu uliofuata lori likaja, likapiga honi. Mume amekaa kizingitini, anapanga vipande kwenye wavu, hakunyanyuka.

"Mzee, mazuri yako wapi?"

"Yameshachukuliwa."

"Na nani? Nani kanitangulia?"

"Sisi."

Wapendwa, asubuhi nilipita hapa mezani nikafungua chupa zenu. Maembe, mananasi, nyanya, mchicha. Sikukuta kipande cheusi hata kimoja. Nikajivuna. Najua mhubiri hatakiwi kujivuna, nikatubu pale pale, kisha nikaonja cha pili na majivuno yakarudi. Ninyi mmewatengea watoto wenu kilicho bora. Mungu awe shahidi, najivunia kuitwa mchungaji wenu.

Lakini niulize: mwaka wetu tumeutenga hivyo? Dunia nayo ina lori lake. Huja tukiwa wabichi, wenye nguvu, wenye sauti nzuri ya kuimba, hupakia, huondoka. Kisha sisi tunamletea Mungu lile debe: miguu imechoka, hasira imekwisha kuota ukungu, tunasema, "Bwana, okoa hiki kilichobaki." Anaokoa, ndiyo. Rehema zake si haba. Ila kwa nini yeye awe wa kupewa alichokikataa tajiri?

Mikono iliyojua kuchagua embe inajua kuchagua hata hili. Kesho asubuhi utasikia honi mlangoni kwako. Wewe kaa kizingitini, endelea kupanga. Ikikuuliza mazuri yako wapi, jibu unalo.

Sasa wenye chupa waje mbele. Mama, njoo na ile ya mananasi, usione haya, shika juu watu waone.