Gitaa la Kilatu Apewe Nani?

Sogeeni. Hadithi ni yangu, hukumu itakuwa yenu.

Tabora palikuwa na bendi ya dansi iliyoitwa Orkestra Isevya. Wapigaji wake walikuwa wengi, lakini aliyeitwa Fundi alikuwa mmoja tu, mzee Kilatu aliyeianzisha. Alipofariki aliacha gitaa lake, na agizo kwa mkewe, Mama Tausi: "Mpe atakayestahili kuitwa Fundi. Usimpe mtu kwa huruma."

Waliostahili walikuwa watatu.

Melkiori Sangija alikuwa na kipaji cha kutunga. Alipiga rithimu, lile gitaa linalotembea chini ya wimbo mwanzo hadi mwisho bila kusifiwa. Vidole vyake viwili viliumizwa na mashine ya kuchambua pamba, hivyo mbio za solo hakuziweza. Aliyatunga masolo kichwani, akawaimbia wenzake kwa mdomo mpaka wayashike.

Hamduni Kasekwa alikuwa na kipaji cha kulitamkisha gitaa. Alipiga solo. Sauti aliyoimbiwa na Melkiori ikipita mikononi mwake, watu waliacha chupa mezani wakaingia kucheza.

Yusta Nkwabi alikuwa na kipaji cha sikio. Alipiga besi, na alijua wimbo unaharibika kabla haujaharibika. Wageni walipouliza mwanamke anafanya nini na gitaa zito vile, mpiga ngoma aliwajibu, "Anatushika tusianguke."

Bendi ikaenda redioni kurekodi wimbo wao, "Chausiku wa Kitete". Enzi hizo wote walipiga pamoja, na kosa la mmoja lilikuwa kosa la wote. Mtu wa mitambo akatazama saa.

"Mara moja tu," akasema. "Nyuma yenu kuna kwaya."

Lipo jambo mnalopaswa kujua. Katika dansi, wimbo ukifika kwenye chemko, pale magitaa yanapoachiwa yatambe, mwimbaji humwita mpigaji kwa jina. Jina likishaingia kwenye utepe limeingia, na msikilizaji aliye mbali humjua huyo peke yake. Kwa hiyo mlangoni Melkiori alisema, "Leo asiitwe mtu. Iitwe Isevya."

"Naam, Isevya," akasema Hamduni. Yusta akakubali. Mwimbaji wao, Sudi, akawa shahidi.

Katikati ya chemko, uzi wa gitaa la Hamduni ukakatika. Mkono wake ukasimama.

Yusta akapanda na besi, akalidaka solo pale lilipoachwa na kulizamisha kwa sauti nene ambayo haikuwa imepangwa.

Melkiori akaona chini pamebaki patupu. Akaikaza rithimu mpaka ikabeba kazi ya besi na yake, kwa vidole vile vile vibovu.

Hamduni akapanga upya vidole kwenye nyuzi zilizobaki, akampokea Yusta, akalimaliza solo kama vile hakijatokea kitu.

Na Sudi, alipouona uzi unaning'inia, alikuwa amepaza sauti: "Hamduni! Hamduni, baba!"

Nje Yusta alimkabili. "Sudi, tulikubaliana nini?"

"Dada, nilimwona amekufa ganzi. Nilikuwa namwamsha!"

Wakacheka, yakaisha.

Wimbo ulipotoka ulishika nchi. Watu walipiga mluzi sehemu moja kuliko zote, ile ya gitaa linalozama. Na kwa kuwa jina walilolisikia ni Hamduni, mtangazaji akamwita Hamduni studio.

Siku hiyo Yusta alikuwa kwake anapembua mchele, redio iko wazi.

"Hamduni," mtangazaji akauliza, "pale gitaa linapozama, ulifanyaje?"

"Ni mazoezi, ndugu mtangazaji. Nililishusha."

"Na solo lenyewe ulilitoa wapi?"

"Lilinijia tu."

Yusta akauweka ungo chini. Mumewe akamtazama. "Si ndicho kipande chako hicho?"

"Kilikuwa," akasema Yusta.

Kwenye mazoezi Melkiori ndiye aliyemsubiri Hamduni mlangoni.

"Lilikujia, kaka? Mbona lilipita kwangu na halikuaga?"

"Mlitaka niseme nini?" Hamduni akajibu. "Kwamba nilikatikiwa na uzi? Mtangazaji alimwita Hamduni. Nikampelekea Hamduni."

"Ungetaja jina langu," akasema Yusta. "Ni fupi."

Hamduni hakuomba radhi. Nao hawakumdai tena. Walimlipa kwa namna yao.

Siku ya dansi la Idi, ukumbi umefurika, Hamduni alilifikisha solo kwenye kile kipande na kumgeukia Yusta. Yusta akabaki chini kwenye besi yake, anatazama mbele. Hamduni akajaribu kulizamisha gitaa mwenyewe. Halikuzama. Watu wakaguna, kisha wakazomea. Alisimama pale mbele ya wote mpaka wimbo ukaisha.

Na Melkiori akatunga solo jipya, zuri kuliko la kwanza. Hakumwimbia Hamduni. Alimwimbia mpigaji wa bendi pinzani ya ng'ambo ya reli, na Isevya walilisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamealikwa huko kama wageni.

Hapo ndipo Mama Tausi alipowaita. Aliliweka gitaa la marehemu mezani, akaupiga ule utepe, wakausikiliza wote hadi mwisho.

"Semeni," akasema.

"Mama, nisingelitunga wangepiga nini?" akauliza Melkiori. "Hewa?"

"Ungelitunga, lingebaki kinywani mwako," akasema Hamduni. "Mimi ndiye niliyelitoa likasikika."

"Likakufia mkononi," akasema Yusta. "Nani alilifufua?"

"Ukaja kuniua mimi mbele ya ukumbi mzima!"

"Ulikuwa umeshaniua mbele ya nchi nzima."

Mama Tausi akamgeukia Hamduni. "Redioni ulisema uongo?"

"Nilisema uongo, mama. Lakini kwenye utepe mkono wangu haukudanganya. Nilimaliza na uzi umekatika. Hilo nalo ni la kweli."

"Ni kweli," akasema Yusta, bila kumtazama. "Alilimaliza vizuri."

Melkiori akainamisha kichwa. Mama Tausi akamuuliza yeye na Yusta kama wangepiga tena na Hamduni. Wakalitazama gitaa. Akamuuliza Hamduni kama angepiga bila wao. Naye akalitazama gitaa lile lile.

"Kilatu aliniachia kazi ya kutafuta fundi," akasema Mama Tausi. "Hakuniambia kama fundi akimsaliti mwenzake bado ni fundi. Nami sasa sina wa kumuuliza."

Gitaa haliwezi kupigwa na watatu, na jina lile la Fundi halijawahi kupewa watu wawili. Mama Tausi asipolitoa, bendi itabaki bila Fundi, nayo imekwisha. Akilitoa, wawili wataondoka, atabaki na mmoja.

Aliyelitunga solo, akaja kulipeleka jipya kwa wapinzani. Aliyelitamkisha, akaja kuwanyang'anya wenzake majina. Aliyeliokoa, akaja kumwacha mwenzake aanguke.

Basi simameni hapo mezani mahali pa Mama Tausi. Linyanyueni gitaa. Je, wewe ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini wakiwa wanakutazama?