Shusheni Cherehani Kwanza

Wengi huaga, akupendaye hukagua.

Mmemsikia shangazi yenu akiitamka sasa hivi pale mlangoni, wageni wakiondoka na gari lao, mkacheka, mkadhani kaitunga mwenyewe. Hakuitunga. Maneno haya yana kwao, na kwao si mbali. Sogeeni basi, na wewe mwenye simu iweke chini, haitakimbia. Methali hii ilizaliwa hivi.

Huko milimani Usambara aliishi mwanamke mmoja fundi cherehani, jina lake Hidaya. Aliolewa na kijana mpole anaitwa Mdoe, wakakaa nyumba moja na mama yake Mdoe, Bi Mwanaheri. Hawakukaa miaka mingi. Mdoe akaugua, akauguzwa, akafariki, na nyumba ikabaki na wanawake wawili wanaomlilia mtu yuleyule, ila kila mmoja chumbani kwake na mlango umefungwa.

Sasa huyu Bi Mwanaheri lazima niwaeleze. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mtu wa kukagua. Wauza parachichi wakimwona anakuja walikuwa wanaficha zilizopondeka. Nazi aliitikisa sikioni kama mtu anayepiga simu. Samaki alimfunua mashavu, akamnusa, akamtazama machoni mpaka samaki mwenyewe anaona haya. Siku moja muuza nyanya akachoka, akasema kwa sauti, "Huyu mama akiwekwa mlangoni peponi, wallahi tutapanga foleni mpaka tuzeeke upya!"

Bi Mwanaheri hata kichwa hakuinua. "Wewe foleni isikutie hofu," akamwambia, huku anabonyeza nyanya. "Wewe hufiki hata kwenye foleni."

Na mkwe wake aliishi naye hivyohivyo. Hidaya akipika, mama anaonja, anasema, "Chumvi." Hidaya akishona gauni, mama analichukua, anavuta mshono kwa vidole viwili kuona kama utafumuka. Haufumuki. Analirudisha, kimya. Kwa Bi Mwanaheri kimya kile ndiyo ilikuwa sifa yenyewe. Lakini Hidaya alikuwa mtu wa bondeni, Korogwe, na kwao mtu akipenda kitu anasema nimekipenda. Kimya cha mama mkwe hakukijulia maana. Alidhani anavumiliwa tu.

Eda ikaisha, na mwaka ukapita juu yake. Ndipo dada yake Hidaya akamwita kutoka Korogwe: nimepata chumba cha biashara, kinatazama barabara, lete cherehani yako tushone pamoja. Hidaya alitaka kwenda. Alikuwa bado kijana, na nyumba ile kila pembe ilikuwa inamwita kwa sauti ya Mdoe. Lakini mjane haondoki nyumba ya mumewe kama mpangaji anayerudisha ufunguo. Alitaka radhi ya mama mkwe. Alijua bila radhi ile, Korogwe utafika mwili peke yake, moyo ubaki umekaa kizingitini unasubiri.

Akamfuata jikoni, akapiga magoti.

"Mama, nataka kwenda kwa dada, nikafanye kazi. Naomba radhi yako."

Bi Mwanaheri akakoroga mchuzi. Akakoroga tena, mchuzi ambao ulikuwa umeshakorogeka. Mwisho akasema, "Moshi huu utatutoa macho," akatoka nje anapangusa uso kwa kanga.

Siku ile moshi hata haukuwa mwingi. Lakini Hidaya alibaki pale sakafuni, akaona amekataliwa.

Akajipa moyo, akaenda stendi kutafuta gari la kuhamia. Walikuwepo wenye magari makubwa, wakamtajia bei akashika kichwa. Kisha akatokea kijana mmoja mchangamfu, Singano, mwenye kirikuu ya bluu. Mnazijua kirikuu, vile vigari vya mizigo vyenye sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Singano akataja bei ndogo mpaka Hidaya akamwambia arudie, maana alidhani hakusikia vizuri. Hakuuliza lingine. Gari lilikuwa limeoshwa, redio inaimba, dereva anacheka. Ngojeni niwaambie kitu ambacho hamtafundishwa chuoni: bei ikishuka hivyo, ujue kuna kitu kimepunguzwa, na si faida ya mwenye gari.

Siku ya kuhama ikafika, na mtaa mzima ukafika. Watu wa kule wanajua kusindikiza, bwana! Wanawake walimfungia Hidaya matunda, mwingine akaleta kuku, mwingine akaleta machozi tu maana ndiyo aliyokuwa nayo. Wakamshika mkono, wakamwombea dua, wakamwambia ufike salama, utusalimie Korogwe, kana kwamba Korogwe nzima inawajua. Mzee mmoja akapiga boneti la kirikuu kofi, kama anampiga ng'ombe mgongoni, akasema, "Chuma hiki!" Na huo ndio ukawa ukaguzi wote lile gari lilioupata.

Mizigo ikapakiwa. Godoro, masufuria, sanduku la nguo, na juu ya vyote cherehani na meza yake ya chuma, imefungwa kamba. Singano akapanda, akawasha. Hidaya anatazama mlango wa nyumba. Watu wote wameaga isipokuwa mmoja.

Ndipo Bi Mwanaheri akatoka. Kanga kaikaza kiunoni kama anakwenda shamba. Hakwenda kwa Hidaya. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaanza kulizunguka taratibu, anatazama huku, anagusa kule.

Watu wakapisha. Mambo haya waliyajua. Mjane akiondoka, ndugu wa mume husimama mlangoni: hiyo sufuria yetu, hilo godoro letu, hata kijiko kinakuwa na ukoo. Na cherehani ile kila mtu alijua, Mdoe ndiye aliyeinunua.

"Anahesabu vyombo," akanong'ona jirani yao, Bi Chiku, kwa mnong'ono unaosikika mpaka ng'ambo. "Jamani, hata chembe ya huruma hakuna?"

Bi Mwanaheri akainama, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu.

"Heee! Anatafuta na uvunguni," akasema Bi Chiku. "Kwani watu huficha masufuria chini ya gari?"

Bi Mwanaheri akainuka. Uso wake umebadilika. Akawaambia vijana waliopakia, "Shusheni cherehani kwanza. Kisha vyote."

Hakuna aliyejongea. Hidaya alihisi uso unamwaka, mbele ya mtaa mzima, mbele ya watu waliomwona akimuuguza Mdoe kijiko kwa kijiko. Maneno aliyoyameza miaka yote yakatoka.

"Kama ni cherehani, chukua, mama! Chukua na godoro, chukua na sahani niliyolia chakula. Nitaondoka na mikono yangu. Hii alinipa Mungu, sidhani kama nayo mnaidai!"

"Nani kakwambia nataka cherehani?" Bi Mwanaheri akamtazama kama anavyomtazama samaki. "Mimi kushona kifungo tu kunanishinda. Kaa pembeni. Wewe kijana!"

"Naam, bibi." Singano akashusha sauti ya redio.

"Kanyaga breki."

Akakanyaga. Mama akapiga magoti tena, akaingiza mkono palepale nyuma ya gurudumu, akautoa. Kiganja chote kimelowa, kinang'aa, tone moja likadondoka mavumbini. Akakinusa. Kisha akakinyoosha mbele ya pua ya Singano.

"Mvua imenyesha huku chini peke yake?"

Singano akajikuna shingo. "Ni mafuta ya breki, bibi. Huwa yanavuja kidogo tu."

"Yakivuja unafanyaje?"

"Nakanyaga mara mbili tatu, inashika."

"Na kona za kushuka Mombo zitakusubiri ukanyage mara mbili tatu?"

Mngekuwa mmeipita barabara ile mngejua kwa nini hapakucheka mtu. Upande mmoja ni mwamba. Upande wa pili ni hewa. Yule mzee aliyepiga boneti kofi alianza kuuangalia mkono wake mwenyewe kama umemkosea.

"Shusheni vitu," Bi Mwanaheri akarudia. "Cherehani kwanza, na polepole, ndiyo riziki yake huko aendako, mkiiangusha nitawashona ninyi. Gari hili halishuki Mombo na mwanangu."

Mwanangu. Toka alipoingia nyumba ile Hidaya aliitwa "wewe," akaitwa "mke wa Mdoe," na siku mama akiwa na furaha sana akaitwa "mwanamke." Neno hili hakulitegemea. Alisimama pale na mikono yake ile ile aliyotaka kuondoka nayo, hajui aiweke wapi.

Vijana wakashusha. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Singano alijaribu kukwepa kwa kujifanya anatafuta bisibisi, lakini Bi Mwanaheri akamwita, akampa chai na kiazi.

"Una mama wewe?"

"Ninaye, bibi."

"Ulitaka wakampelekee habari gani?"

Singano akaweka kikombe chini. Machozi yakamtoka, kijana wa watu. Hakuwa mbaya, alikuwa amezoea tu, na mazoea nayo huua. Akalirudisha gari kwa gia ya kwanza hadi kwa fundi, huku anatembea mwendo wa harusi, na fundi akalifungua magurudumu yote.

Jioni ile wanawake wawili walikaa barazani katikati ya mizigo yao, kama wasafiri walioachwa na basi.

"Mama," Hidaya akasema, "nilidhani umenikasirikia."

"Nimekasirika. Unaondoka, ulitaka nicheze? Lakini hasira ni yangu, shingo ni yako." Akaanza kuvuta mshono wa godoro, aone kama umeshika. "Mimi maneno ya kuagana siyawezi, Hidaya. Wenzangu wanayo, yanawatoka tu. Yangu yakifika hapa," akajigusa koo, "yanakaa. Basi nikaona angalau nitazame unakwenda na nini."

 Hidaya alisogea tu, akalaza kichwa kwenye paja la mama mkwe wake. Bi Mwanaheri, asiyejua kubembeleza, akaanza kumkagua nywele, nywele kwa nywele, mpaka Hidaya akalala.

Kesho yake kirikuu ikarudi. Safari hii hapakuwa na mtaa. Watu walikwisha kuaga jana, na kuaga kunachosha. Alikuwepo Bi Chiku peke yake, kaja anasema anaomba kaa la moto, na kaa lenyewe hakulichukua.

Mizigo ikapanda tena. Bi Mwanaheri akakaza kanga, akapiga magoti kwenye gurudumu la kwanza.

"Kanyaga."

Singano akakanyaga. Akaenda la pili. "Kanyaga. Tena. Shikilia hapo." Akamaliza yote, magoti yamejaa vumbi, kisha akainuka kwa taabu, akamwendea Hidaya, akamfunulia kiganja.

"Pakavu," akasema.

Hidaya alisubiri kidogo neno lingine. Halikuja. Na ndipo akaelewa kwamba halikubaki lingine, kwamba radhi aliyoiomba jikoni ndiyo hii, imefunguliwa mbele yake, ina vumbi. Akapiga magoti barabarani, akakichukua kiganja kile kama kilivyo, akakiweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Kikakaa pale muda mrefu. Singano akazima redio bila kuambiwa.

Kilipotoka kiliacha alama kwenye mtandio wake, vidole vitano vya vumbi, na Hidaya hakuupangusa mpaka alipofika Korogwe. Maana alifika. Alimpigia mama simu kutoka dukani kwa dada, na mama akamwuliza kama cherehani imefika nzima, hakuuliza kingine, na Hidaya safari hii alisikia vizuri kila alichoulizwa.

Na Bi Chiku? Hakulala na jambo lile. Asubuhi alikuwa sokoni, kasimama katikati ya wauza parachichi, anasema bila kuulizwa: "Jamani, mtaa mzima tulimuaga yule mtoto. Tukamlilia, tukampa kuku. Tulikuwa tunamuaga mtu anayekwenda kufa, na gari tumeliegemea! Aliyempenda alikuwa mmoja, naye hakuaga. Alikagua."

Soko likayachukua maneno yake, na ninyi mnajua soko. Neno likishikwa na watu wengi hulika kama sabuni, linapungua linapungua, mpaka linabaki lile linaloenea kiganjani. Wakalitumia kwa bibi harusi anayekwenda ukweni, wakalitumia kwa mtoto anayekwenda shule ya bweni. Likashuka milima, likafika mpaka hapa kwetu, na leo mmelisikia kwa shangazi yenu, ambaye kama hamkuona, hakuwa amewaaga wale wageni. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya tairi lao.

Wengi huaga, akupendaye hukagua.