Hodi ya Ukoka

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa bustani na ukingo wake, na mwenyewe macho juu ya ukingo!

Basi tulieni. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole nisikike.

Hapo kale palikuwa na Bi Kanga. Namsema kanga ndege, si kanga ya kujitanda. Alikuwa na adabu mpaka ikapita kiasi. Akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi. Alikuwa na bustani ya mrehani na asumini, na siku hizo hakuitoa machoni, maana binti yake Mwanakheri alikuwa aolewe mwezi ukiandama. Vikuba vya kifuani na makoja ya shingoni, maua yote ya harusi, yangetoka hapo.

Jirani yake Bwana Paa alipanda ukoka apate pa kujinyoosha. Ukoka ukashika, ukajaa, ukafika mpakani.

Siku moja Bi Kanga anapalilia, akasikia sauti nyembamba chini.

"Hodi, hodi, mwenye bustani!"

Hodi haiachwi bila jibu. Bi Kanga hata hakugeuka. "Karibu!"

Ukoka akaingia, akalala chini ya mrehani.

Siku ya pili: "Hodi, hodi, mwenye bustani!"

"Karibu!"

Ukoka akatambaa mpaka kwenye asumini.

Siku ya tatu: "Hodi, hodi, mwenye bustani!"

"Karibu! Karibu sana!"

Lo! Hiyo "sana" ndiyo iliyomponza. Kulipokucha mrehani umenyong'onyea, asumini imepukutisha matumba. Bi Kanga akalia mpaka madoa yake yakalowa.

Akaenda kwa Bwana Paa. "Jirani, ukoka wako umehamia kwangu."

"Aliingia kwa hodi, au bila hodi?"

"Kwa hodi."

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Basi mgeni wako huyo, jirani yangu."

Akarudi na hasira zake. Akamkatakata Ukoka, chwe, chwe, chwe, vipande akaviacha palepale. Kumbe kila pingili ya ukoka ina roho yake! Mmoja akawa mia.

Ndipo Fuko akachomoza kichwa udongoni. "Shangazi, wewe unalia juu, na Ukoka anacheka chini. Huku ndiko aliko mwenyewe."

"Nifanyeje, mwanangu? Nikiacha kuitikia hodi, nitasemwa mtaa mzima."

"Itikia. Lakini karibu maana yake nini?"

"Maana yake ingia."

"Na nyingine?"

Bi Kanga akawaza, akawazua. "Maana yake... si mbali." Akacheka mwenyewe.

Wakaingia kazini. Wakamng'oa Ukoka na mizizi yake, wasiache hata pingili, wakampelekea Bwana Paa kwenye sinia. Akala, akashukuru, na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, akakirudisha kimejaa samadi. Kisha Bi Kanga akaparua kwa juu, Fuko akafukua kwa chini, ukatoka mfereji mpakani wenye kina cha shubiri mbili. Upande wa bustani wakasimamisha vigae vya mitungi iliyovunjika, kimoja bega kwa bega na kingine.

Ukoka wa ng'ambo akaja. "Hodi, hodi, mwenye bustani!"

"Karibu!"

Akanyoosha mguu, ukaning'inia hewani.

"Hodi, hodi!"

"Karibu!"

Akajaribu kwa chini, akajigonga kigaeni.

"Hodi! Bibi, si umenikaribisha? Mbona naona shimo?"

"Nimekwambia karibu, sikukwambia ndani. Hapo ulipo ni karibu, ndiyo maana tunasikilizana. Tena karibu sana!"

Ukoka akaurudisha mguu wake kwao. Adabu kafanyiwa, mlango hakufunguliwa.

Mwezi ukaandama. Asumini, kwa samadi ile ya Paa, ikachanua mpaka makoja yakasalia, na Mwanakheri akanukia tangu kichwani hata kucha. Wageni walipokosa pa kuketi, Bi Kanga akapiga hodi kwa Bwana Paa, wakaketi wote juu ya ukoka, laini, hakuna aliyeomba mkeka. Bi Kanga akauangalia, akauona kweli ni mzuri, ukiwa kwao.

Karibu ni ya mdomo, mpaka ni wa jembe. Mwenye vyote viwili hagombani na jirani.

Mimi pia nilialikwa, nikapewa kikuba, nikakikalia. Hadithi yangu imefika ukingoni; anayetaka kuvuka, na apige hodi kwanza.